Anafika saa ngapi? Nusu saa ya Unguja na Pemba

"Anafika saa ngapi?"

Ami aliuliza hivo tu. Nyuma yake nasikia wanawake wanaitana na mtu anaulizia ndoo iko wapi. Ilikuwa mapema, mwezi wa saba, upepo wa kusi umeshashika, na mimi nimesimama mbele ya dirisha la tiketi pale kiwanja cha ndege cha Unguja, simu sikioni, na kaka yetu mkubwa kakaa pembeni kwenye ukingo wa saruji hasemi neno. Mamaake, yani shangazi yetu, kafariki Wete kabla ya alfajiri.

"Watu wanasubiri kuambiwa," ami akaendelea. "Nitangaze Adhuhuri au Alasiri?"

Dirishani nishaambiwa ndege ya asubuhi imejaa, ya saa nne ina nafasi moja, na inatokea Dar. Nafasi moja basi. Hapo hapana mjadala nani anakwenda.

Nikapiga hesabu ya haraka, kila Mzanzibari anaijua. Saa nne kutoka, nusu saa hewani, saa nne na nusu yuko Pemba. Gari inamsubiri, kutoka kiwanjani mpaka Wete tuseme saa nzima na ushei kidogo. Saa sita kasorobo yuko nyumbani. Adhuhuri inaswaliwa kwenye saa saba kasorobo. Anawahi na saa nzima inabaki.

Nikamwambia: ami, wekeni Alasiri.

Kaka akanyanyua uso akanitazama, kisha akainamia tena chini.

Jibu lile limenikaa kichwani wiki kadhaa sasa.

Namba kutoka Muscat

Kabla ndege haijatoka, grupu la familia lilikuwa limeshawaka. Ndugu yetu wa Muscat, ambae hajatia mguu Pemba muda mrefu lakini kwa simu hakosi, akatuma picha ya skrini kutoka kwenye moja ya zile tovuti za kupima masafa baina ya viwanja vya ndege. Unaandika unakotoka, unaandika unakokwenda, inakupa kilomita na dakika. Ya kwanza ikasema kilomita 761.

Watu wakashangaa. Kumbe kaandika "Pemba" tu, na mashine ikampa Pemba ya Msumbiji, ule mji wa Cabo Delgado ambao mpaka 1975 ukiitwa Porto Amélia, ndo mana kiwanja chake mpaka leo kina herufi POL. Chetu ni PMA, na cha Unguja ni ZNZ. Asubuhi ya msiba hiyo, na bado mtu mmoja akaweza kucheka, wallahi tunashukuru.

Akarekebisha, akatuma ya pili. Kilomita 125. Muda wa kuruka: dakika 9.

"Dakika tisa na nyinyi mnataka Alasiri?" akaandika.

Sasa hakuna mtu kwenye grupu alieamini hizo tisa. Mtu yoyote aliepanda vile vindege anajua dakika tisa hata Unguja hujaimaliza vizuri. Lakini watu walimjibu vipi? Walimwambia, "Usitutanie, ni nusu saa." Na baada ya hapo wote wakakubaliana na yeye! Nusu saa, na huyu anataka maiti akae mpaka Alasiri.

Hapo ndo pameniuma. Ile tisa waliikataa wakati ule ule, na ile thelathini hakuna hata mmoja alieigusa.

Kilomita 125 ni za kweli

Niliporudi nyumbani Fuoni usiku nikashindwa kulala nikafungua ramani. Nlitaka kujua kwanza kama hata hizo kilomita ni sahihi, mana mtu ukishamkuta na dakika 9 unaanza kumtilia shaka kila alichosema.

Ni sahihi. Kiwanja cha Unguja kiko kama nyuzi 6.22 kusini ya mstari wa ikweta, cha Pemba, kile kilichopo mashariki ya mji wa Chake, kama nyuzi 5.26. Kwenda kaskazini tu ni kama kilomita 107, kisha unasogea mashariki kama kilomita 65, ukiunganisha kwa ile hesabu ya pembetatu ya skuli unapata 125 hivi. Marubani wanahesabu kwa maili za baharini, na maili moja ya baharini ni kilomita 1.852, kwa hivo kwao ni kama maili 67.

Hizo tovuti hujisifu kwamba zinahesabu kwa kufuata mviringo wa dunia. Sawa, na ukitoka Unguja kwenda Muscat, kama kilomita 3,900, mviringo unaleta maana. Lakini kwa Pemba nikajaribu kuona unaongeza kiasi gani ukilinganisha na kutoboa tundu moja kwa moja chini ya ardhi na bahari. Mita mbili. Urefu wa mlango. Kwa hivo tuuache mviringo wa dunia upumzike.

Kitu kilichonifurahisha ni ule mstari wenyewe unapopita. Siku zote nlidhani ndege inakwenda Nungwi kisha inavuka, kwa sababu ndo inavokwenda meli. Ukichora mstari ulionyooka hauendi Nungwi kabisa. Unakata kisiwa kwa mshazari, unatoka baharini maeneo ya Kiwengwa, Mnemba inabaki mkono wako wa kushoto, halafu ni maji matupu mpaka unaingia Pemba kwa upande wa Kengeja. Rubani anaweza kupinda kwa mawingu au akiambiwa na mnara, lakini kama umekaa kushoto na ukaiona Mnemba, ile pete ya maji ya kijani na kisiwa kidogo katikati, ujue uko karibu na mstari.

Ile tisa imetoka wapi

Nikagawa 125 kwa 800, nikazidisha kwa 60. Tisa na kitu.

Yani mashine imechukua mwendo wa jeti kubwa ikiwa juu kabisa imeshatulia, kama kilomita 800 kwa saa, ikagawa masafa, basi. Tovuti nyengine huongeza dakika 30 za kupanda na kushuka, ukifanya hivo unapata kama 39, nayo inakuwa imezidi. Namba moja pungufu mno, nyengine imezidi, na zote mbili zimetoka kwenye jeti ambayo haiendi Pemba.

Na kwa ndugu yetu hesabu hiyo inafanya kazi! Muscat mpaka Unguja kwa kilomita 800 kwa saa ni takriban saa tano, na kweli ndo muda anaokaa hewani akija. Kwa hivo yeye anaiamini tovuti kwa sababu haijawahi kumdanganya. Masafa yakiwa marefu, vile vipande vya mwanzo na mwisho vinamezwa. Masafa yakiwa mafupi, vile vipande ndo safari yenyewe, kama mtu aliekodi teksi kwenda kununua kiberiti duka la pili.

Kinachokwenda Pemba mara nyingi ni Cessna Caravan, mnaijua, ile ya injini moja na pangaboi mbele, abiria kumi na mbili kumi na tatu, mmoja akakaa kwa rubani. Mwendo wake ni kama kilomita 300 kwa saa, tuseme maili 160 za baharini. Hapo 67 kwa 160 inakuwa dakika 25.

Ila upepo. Hapa wazee wetu walikuwa mbele ya tovuti zote.

Ule mstari wa kwenda Pemba unaelekea kaskazini mashariki. Kaskazi, kuanzia Disemba mpaka Machi, inatoka huko huko kaskazini mashariki. Inamkuta rubani usoni, kama ilivomkuta nahodha wa jahazi. Tuchukulie upepo wa maili 20 kwa saa, mwendo juu ya ardhi unashuka mpaka 140 na safari inakuwa karibu dakika 29. Kurudi Unguja siku hiyo hiyo unasukumwa, 180, dakika 22. Kusi ikishika mambo yanageuka, japo kusi haiji mgongoni sawasawa, inakupiga kidogo kwa ubavu.

Mtu atasema basi kwenda na kurudi vinafidiana. Havifidiani. 29 na 22 ni 51, na bila upepo ingekuwa 50. Unakaa muda mwingi zaidi kwenye upepo mbaya kuliko unaokaa kwenye upepo mzuri, kwa hivo mbaya unakula zaidi. Dakika moja tu, si kitu, lakini ilinikera mpaka nikarudia hesabu.

Kisha kuna jambo ambalo nadhani wengi tumeliona bila kulifikiria. Njia ya kurukia ya Unguja imelala kaskazini kusini, ina mita kama 3,000, na ndege inanyanyuka kwa kuukabili upepo. Siku za kusi ndege ya Pemba inaanza kwa kuipa Pemba kisogo! Inakimbia kuelekea kusini, inanyanyuka, kisha ndo inageuka. Ule upepo utakaokusukuma baadae unakukata dakika mwanzoni.

Asubuhi ile ya mwezi wa saba ndo ilivokuwa. Nimesimama nje karibu na stendi ya daladala za 505, nikaiona inanyanyuka upande wa kusini, ikageuka, ikapotea.

Ilikuwa saa nne na robo. Robo saa tu kuchelewa.

Alifika mapema

Kaka akatua kabla ya saa tano. Hakuwa na begi, hakusubiri kitu, gari ilikuwa mlangoni, na barabara ilikuwa tupu. Saa sita hazijafika yuko Wete, watu ndo kwanza wanatandika mikeka nje.

Na maziko yalikuwa Alasiri.

Kwa hivo maiti alikaa, kashaoshwa, kashakafiniwa, anasubiri muda ambao hakuna anaeuhitaji tena. Ami hakuweza kurudisha nyuma, keshatangaza, na watu wa Konde na wa Mkoani walikuwa wamepanga magari yao kwa Alasiri. Mimi sikuwepo, nilikwenda siku ya pili kwa boti, lakini nikaambiwa, na katika msiba kuna watu hawakosi kukwambia. Mzee mmoja alisema pale kibarazani: maiti anangojeshwa kwa hesabu za mtu wa Unguja.

Kwetu maiti hacheleweshwi. Hilo sina haja ya kumuelezea mtu anaesoma hapa. Ndo mana neno lile lilinichoma. Nlijiuliza, hivi mimi nlikuwa naogopa nini? Namba ilikuwa inasema anawahi, na kweli kawahi.

Nimelizungusha hili jambo kila pembe na bado nasema ningejibu vile vile.

Ami hakuniuliza ndege inachukua muda gani. Angeniuliza hivo ningemwambia nusu saa, na ningekuwa nimesema kweli. Aliniuliza mtu anafika saa ngapi, na juu ya jibu hilo anakwenda kutangaza msikitini, na tangazo likishatoka watu wa kisiwa kizima wanaanza kutembea. Muda wa kawaida ni kitu kimoja, muda ambao unaweza kuwaapia watu ni kitu chengine kabisa. Wa kawaida nlikuwa nao. Wa kuapia ulikuwa unategemea ndege ambayo wakati ule bado iko Dar, kilomita kama 73 kusini yetu, haijanyanyuka hata huko. Ikichelewa Dar saa moja, tunachelewa saa moja. Ikipata hitilafu, nafasi hiyo moja imekwenda na hakuna nyengine mpaka ijulikane. Mvua ikiziba Chake kwa nusu saa, rubani anazunguka au anarudi.

Uzuri wa kuwahi ulikuwa masaa matatu. Ubaya wa kukosa ulikuwa mtoto hakumzika mamaake, au ami anasimama mbele ya umma akibadilisha tangazo huku watu wameshajipanga safu. Hivo viwili havipimwi kwa mzani mmoja.

Lakini, na hapa ndo penye shaka yangu mpaka leo, ningeweza kumpa ami habari yote akaamua mwenyewe. "Ikienda sawa saa sita, ikiharibika sijui." Sikumpa. Nlimpa neno moja, Alasiri, kwa sababu aliuliza kwa haraka na nyuma yake watu wanasubiri. Je mtu aliefiwa anataka habari yote au anataka neno moja? Nimewauliza watu wawili watatu wenye umri, wamegawanyika. Mama yeye alinijibu bila kufikiri: "Neno moja, mwanangu. Habari yote mtu ataisikia baadae."

Nusu saa hii inahesabiwa kutoka wapi

Wenye ndege wana namna yao ya kuhesabu. Muda wa kwenye ratiba unaanza pale ndege inapoanza kusogea kutoka ilipoegeshwa mpaka inaposimama kule kwengine, si magurudumu kunyanyuka na kugusa. Kwa hivo ile nusu saa ya kwenye tiketi ni dakika 25 za hewani na nyengine za kutambaa chini. Namba ya haki kabisa, sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu ni kwamba sisi tunaichukua tunaibandika kwenye safari nzima. "Pemba? Nusu saa tu." Mimi mwenyewe nasema. Huku unatoka Fuoni unakwama kwenye foleni, unatakiwa ufike kabla, mzigo wako unapimwa usizidi kilo 15, na kwenye vindege vidogo wakati mwengine na wewe mwenyewe unapandishwa kwenye mzani mana uzito wa kila mtu unaingia kwenye hesabu ya rubani, nani akae mbele nani nyuma. Kisha kule unateremka kilomita kadhaa nje ya Chake na nyumbani kwenu ni Wete, kama kilomita 30 nyengine, au Konde, au Micheweni huko. Safari ya kawaida, siku nzuri, mlango kwa mlango, ni masaa manne. Humo ndani hewani ni nusu saa kasoro.

Jeti ingekwenda kwa zile dakika 9 ungeokoa robo saa katika manne.

Meli nayo ina hesabu yake. Mstari wa bahari baina ya Nungwi na ncha ya Pemba ni kama kilomita 50 tu, lakini meli inatoka Malindi, inapanda magharibi yote ya Unguja, inavuka, inaingia Mkoani, na Mkoani ni mwisho wa kusini wakati sisi tunakwenda kaskazini. Ndefu, inatikisa, na mwezi wa saba ukishapita Nungwi usiulize. Mama tangu Spice Islander ilipozama ile Septemba 2011 haingii kwenye chombo cha usiku, na hakuna anaemshawishi. Lakini kitu kimoja cha meli, inabeba mamia. Siku ya msiba hutoulizwa nafasi ni moja au mbili. Ningekuwa na meli ya alfajiri siku ile ningewapandisha wote sita waliokuwa wanalia nyumbani, wangefika wamechoka, wangefika pamoja.

Kwenye ndege nusu saa ni ya mtu mmoja. Wale watano wengine masafa yao siku ile yalikuwa mpaka kesho yake.

Disemba

Ndugu yetu wa Muscat anakuja Disemba, anataka akazuru kaburi. Kanitumia mpango wake: anatua Unguja saa nane mchana, saa tisa na nusu anapanda ya Pemba, jioni yuko Wete. "Saa moja na nusu katikati inatosha sana," kaandika, na kimahesabu kweli inatosha.

Nimemwambia alale Fuoni aende asubuhi ya pili yake. Akabisha, nikamwambia pesa ya tiketi ikipotea ni yako, akanyamaza, kisha akakubali. Nimemwambia pia aombe kiti cha kushoto, na aangalie saa magurudumu yakinyanyuka na yakigusa, mimi nakadiria 28 kwa kaskazi ya mwezi huo, na sijali akinicheka ikiwa 26.

Kuhusu Wete kaniuliza amwambie ami saa ngapi. Nimemwambia amwambie jioni, na akitangulia kufika adhuhuri basi wampe chakula.

Ami mwenyewe nlimpigia juzi. Nlitaka kumuuliza habari ya siku ile, kama alikereka. Sikuwahi, akanitangulia: kuna harusi mwezi wa kumi na moja, anataka kujua watu wa Unguja waletwe na nini, na waambiwe wawepo lini.

"Siku moja kabla," nikamwambia.

"Ndo nlivowaambia," akasema, na akaanza kuniuliza habari ya bei ya mchele.